Mafuta ya usukani yakipungua, jua kuna mahali yanavuja

MADEREVA wengi hukagua mafuta ya injini na maji ya rejeta kabla ya kuanza safari ndefu, lakini ni wachache mno wanaokumbuka kufungua kifuniko cha tangi dogo la mafuta ya usukani. Aghalabu tangi hilo hukumbukwa siku ambayo usukani umeanza kuwa mzito, au gari linapoguna kila likikata kona.

Hapo mwenye gari huingia katika kituo cha petroli kilicho karibu, hununua chupa ya mafuta mekundu, hujaza tangi na kuendelea na safari zake. Baada ya wiki tatu hurudi kununua chupa nyingine. Kwa kuwa chupa moja si ghali sana, huona amepata nafuu. Kumbe chini ya boneti kuna tatizo linalokua kila siku, ambalo hatimaye laweza kumgharimu pampu nzima, au hata maisha.

Jambo la msingi analopaswa kufahamu kila mwenye gari ni kwamba mafuta ya usukani hayatumiki yakaisha. Mafuta ya injini huweza kuungua kidogo kidogo, na mafuta ya breki hushuka kadiri pedi za breki zinavyolika. Mafuta ya usukani, kwa upande wake, huzunguka ndani ya mfumo uliofungwa na kurudi yalikotoka. Kiwango chake hupanda kidogo gari likipata joto na kushuka likipoa, basi. Yakionekana chini ya alama ya mwisho, yamevuja, na kazi ya kwanza si kuongeza mengine bali kutafuta yalikopitia.

Nguvu za mafuta

Usukani wa aina hii, ambao mafundi huuita pawa stiaringi, ulianza kuuzwa katika magari ya abiria mwaka wa 1951, kampuni ya Chrysler ya Marekani ilipouweka katika gari lake aina ya Imperial. Kabla ya hapo dereva alitegemea misuli yake kugeuza magurudumu, hasa wakati wa kuegesha.

Mfumo wenyewe si mgumu kuuelewa. Injini huzungusha pampu kwa kutumia mkanda. Pampu huvuta mafuta kutoka kwenye tangi na kuyasukuma kwa nguvu kupitia paipu ngumu hadi kwenye raki, yaani chuma kirefu kilicholala kati ya magurudumu mawili ya mbele. Katika malori na magari mengine makubwa, mahali pa raki huwa pana giaboksi ya usukani. Dereva akigeuza usukani, vali hufunguka na kuelekeza mafuta upande unaohitajika, nayo mafuta husukuma magurudumu. Yakishafanya kazi hiyo, hurudi kwenye tangi kupitia paipu ya pili, ambayo haina shinikizo kubwa.

Shinikizo katika paipu ya kwanza si la mchezo. Dereva anapogeuza usukani gari likiwa limesimama, laweza kupita pauni 1,000 kwa kila inchi mraba. Gurudumu la gari dogo hujazwa upepo wa pauni 30 hadi 35 tu. Hii ndiyo sababu ufa mdogo katika paipu hiyo hauwezi kuachwa ukidhaniwa kuwa utajiziba.

Mbali na kusukuma magurudumu, mafuta hayo hulainisha pampu, hubeba joto na kuzifanya sili za raba zisikauke. Kwa hivyo mafuta yasiyofaa hayaharibu kitu kimoja tu. Huanza na sili, kisha pampu, na mwisho raki.

Mafuta yapi yanafaa?

Swali hili huwatatiza wengi kwa sababu magari mengi nchini hununuliwa yakiwa yametumika ng'ambo, hasa Japani, na kitabu cha maelezo kikipatikana huwa kimeandikwa kwa Kijapani. Njia rahisi ni kusoma kifuniko cha tangi lenyewe. Mara nyingi watengenezaji huandika hapo aina ya mafuta yanayohitajika. Maandishi yakiwa yamefutika, fundi anayelijua gari hilo au duka la vipuri la kampuni husika litasaidia, mradi mwenye gari ataje aina, modeli na mwaka wa kutengenezwa.

Magari mengi ya Toyota yanayotumia mafuta katika usukani huhitaji mafuta ya giaboksi ya otomatiki yenye kiwango cha Dexron II au Dexron III. Hayo ndiyo mafuta mekundu yanayojulikana na wengi. Inafaa kukumbuka kwamba kampuni ya General Motors, yenye jina hilo la Dexron, iliacha kutoa leseni za Dexron III mwishoni mwa mwaka wa 2006. Chupa zinazouzwa sasa huandikwa tu kwamba mafuta yaliyomo yanafaa mahali palipohitaji kiwango hicho. Ubora wake basi hutegemea uaminifu wa aliyeyatengeneza, na ni busara kununua ya kampuni inayojulikana.

Honda ina msimamo tofauti. Kampuni hiyo huagiza kwamba magari yake yatiwe mafuta yake maalumu ya usukani, ambayo si mekundu, na huonya dhidi ya mafuta ya giaboksi. Nayo magari mengi kutoka Ulaya, yakiwemo ya Volkswagen, Audi na baadhi ya BMW, hutumia mafuta ya kijani yaliyotengenezwa kwa kemikali za viwandani, kama vile Pentosin CHF 11S. Mafuta ya kijani na mekundu hayapaswi kuchanganywa. Iwapo yamechanganywa kwa bahati mbaya, dawa ni kuyamwaga yote na kuusafisha mfumo kabla ya kutia mapya.

Hata hivyo, rangi pekee haitoshi kuwa kigezo. Rangi ni dawa tu inayotiwa kiwandani ili kuwasaidia watu kutofautisha mafuta, na kampuni mbili zaweza kutumia rangi moja kwa vitu viwili tofauti. Kinachofaa kusomwa ni kiwango kilichoandikwa kwenye chupa, kilinganishwe na kile kilichotajwa na mtengenezaji wa gari.

Mnunuzi anapaswa pia kujihadhari na bidhaa bandia. Akague iwapo kifuniko cha chupa kimewahi kufunguliwa, na iwapo chupa ina alama ya ubora ya Shirika la Kukadiria Ubora wa Bidhaa Nchini (KEBS). Mafuta yanayopimwa kutoka kwenye mtungi usio na jina yaepukwe hata kama ni ya bei ya chini.

Kosa lisilosameheka

Miongoni mwa makosa yote, baya zaidi ni kutia mafuta ya breki katika tangi la usukani, au kinyume chake. Matangi hayo mawili hukaa karibu katika magari mengi, na makosa hutokea hasa usiku au mtu anapokuwa na haraka.

Mafuta ya kawaida ya breki hayatokani na petroli ghafi. Yakiingia katika usukani huvimbisha na kulainisha sili hadi zikatoboka. Lakini hatari kubwa zaidi ni mafuta ya usukani kuingia katika breki. Raba za breki hutengenezwa kwa aina ya mpira usiostahimili mafuta ya petroli. Huvimba, hupoteza umbo lake, na breki zaweza kukwama au kukosa kushika kabisa. Gari ambalo limepatwa na mkasa huo halifai kuendeshwa hata kwa kilomita moja. Livutwe hadi gereji, mfumo usafishwe wote, na raba zilizoguswa zibadilishwe.

Mafuta ya injini pia hayafai mahali hapa. Uzito wake ni mwingine na dawa zilizomo si za kazi hiyo.

Kutambua kinachovuja

Si kila tone lililo chini ya gari hutoka kwenye usukani. Njia nyepesi ya kuchunguza ni kutandaza kipande safi cha katoni chini ya injini jioni, gari likiwa limeegeshwa mahali tambarare, na kukitazama asubuhi.

Maji maangavu yasiyo na harufu huwa yametoka kwenye kiyoyozi na hayana neno. Maji ya kijani au ya waridi yenye harufu tamutamu ni ya rejeta. Mafuta meusi au ya kahawia mazito ni ya injini. Mafuta mepesi yanayoteleza sana, yakiwa karibu na gurudumu, yaweza kuwa ya breki, na hapo gari lisiondoke. Mafuta mekundu yatokayo sehemu ya mbele yaweza kuwa ya usukani au ya giaboksi ya otomatiki, kwa kuwa mara nyingi ni ya aina moja. Ili kupambanua, weka alama ya kalamu kwenye kiwango cha tangi la usukani na ukitazame tena baada ya siku mbili au tatu, gari likiwa na joto lile lile. Kikishuka, jibu limepatikana.

Masikio nayo husaidia. Pampu inayokosa mafuta hulia kwa mlio mwembamba unaozidi dereva anapogeuza usukani. Mafuta yenye povu huonyesha kwamba hewa imeingia. Mafuta yaliyogeuka rangi ya maziwa yameingiwa na maji, na yale yaliyokuwa meusi na yenye harufu ya kuungua yamezeeka.

Mahali pa kutazama

Baada ya kuthibitisha kwamba ni usukani unaovuja, injini isafishwe kwanza mafuta ya zamani, ikaushwe, kisha gari liendeshwe kidogo. Bila kufanya hivyo, mafuta yaliyosambazwa na upepo humfanya fundi kubadilisha kitu kizima na kuacha kibovu.

Uchunguzi huanzia juu kuelekea chini. Tangi la plastiki hupata ufa kwa sababu ya joto la miaka mingi, na kifuniko kisichokaza hurusha mafuta. Mpira wa kurudishia mafuta hukauka na kupasuka kwenye ncha, pale ulipobanwa kwa klipu. Paipu ya shinikizo huvuja kwenye maungio yake, na pwani, ambako hewa ya bahari ina chumvi, sehemu zake za chuma huliwa na kutu. Pampu huvuja kwenye sili iliyo nyuma ya puli.

Raki ndiyo ghali kuliko zote, na huharibiwa sana na barabara mbovu. Kila upande wa raki umefunikwa kwa buti la raba lenye mikunjo. Buti hilo likichanwa, vumbi na maji ya matope huingia, chuma hushika kutu, na kutu hiyo hukwaruza sili kila usukani unapogeuzwa. Buti lililojaa mafuta ni ushahidi kwamba sili ya ndani imekwisha. Buti jipya lililobadilishwa mapema huweza kuiokoa raki nzima.

Tahadhari moja ni lazima itajwe. Mtu asipapase paipu ya shinikizo kwa mkono wakati injini inanguruma. Mafuta yatokayo kwenye kitobo kidogo huweza kupenya ngozi kama sindano, na jeraha hilo, hata likionekana dogo, huhitaji daktari mara moja.

Urekebishaji

Mpira wa kurudishia mafuta ni rahisi kubadilisha. Kinachohitajika ni mpira uliotengenezwa kustahimili mafuta na joto, pamoja na klipu mpya. Mpira wa maji wa kawaida hautafaa, kwa kuwa mafuta huulainisha na kuupasua.

Paipu ya shinikizo ni suala jingine. Baadhi ya mafundi huikata mahali palipotoboka na kuiunganisha kwa kipande cha mpira na klipu mbili. Kazi hiyo hupendeza kwa siku chache, kisha hufyatuka dereva anapougeuza usukani hadi mwisho. Paipu hiyo inunuliwe mpya, au ipelekwe kwa wataalamu wa paipu za haidroliki wenye mashine ya kubana ncha za chuma. Wanapatikana katika miji mikubwa, ikiwemo Nairobi katika Industrial Area na pande za Kirinyaga Road. Washa za maungio nazo zibadilishwe, kwani zilizokwisha kubanwa hazizibi vyema mara ya pili.

Pampu inayovuja kwenye sili lakini isiyolia huweza kuwekwa sili mpya. Raki huweza kufanyiwa vivyo hivyo iwapo chuma chake bado ni laini. Chuma kikishakuwa na mashimo ya kutu, sili mpya itakatika baada ya muda mfupi, na ni afadhali kutafuta raki nyingine. Anayenunua iliyotumika aigeuze pande zote, akague chuma ndani ya mabuti na kudai hakikisho la muuzaji kwa maandishi. Baada ya raki kufungwa, magurudumu ni lazima yapangwe upya, la sivyo yatalika upande mmoja.

Dawa za kuzuia uvujaji zinazouzwa kwa chupa ndogo zina nafasi yake, lakini ni finyu. Huvimbisha raba kidogo, hivyo huweza kupunguza mafuta yanayotiririka polepole kwenye sili iliyokauka. Haziwezi kuziba paipu iliyopasuka wala tangi lenye ufa, na zikitumiwa mara kwa mara huilegeza raba kupita kiasi.

Baada ya urekebishaji wowote, hewa itolewe. Magurudumu ya mbele huinuliwa kwa jeki na gari kuwekwa juu ya vigingi imara. Tangi hujazwa, kisha usukani hugeuzwa polepole kutoka mwisho mmoja hadi mwingine mara 10 hadi 20 injini ikiwa imezimwa, huku mafuta yakiongezwa yanaposhuka. Ndipo injini huwashwa na zoezi kurudiwa hadi povu liishe. Usukani usishikiliwe mwishoni kwa zaidi ya sekunde chache, kwa sababu shinikizo na joto hupanda mno na kuiumiza pampu. Onyo hilo hilo lawahusu madereva kila siku wanapoegesha.

Magari yasiyo na mafuta

Magari mengi ya miaka ya hivi karibuni hayatumii mafuta hata kidogo. Usukani wake husaidiwa na mota ya umeme, na hivyo hayana tangi, pampu wala paipu. Toyota Prius na Honda Fit ni mifano inayojulikana nchini. Mwenye gari la aina hiyo akiambiwa alipie mafuta ya usukani, ana haki ya kuomba aonyeshwe tangi lenyewe. Kuna pia machache, kama Volkswagen Polo ya mwanzoni mwa miaka ya 2000 na Mazda Axela ya kwanza, ambayo pampu yake huendeshwa kwa umeme lakini bado hutumia mafuta. Hayo yana tangi na hukaguliwa kama mengine.

Mafuta yangali yanatumika sana katika magari ya kazi, yakiwemo Toyota Hiace zinazotumiwa kama matatu, malori na mabasi. Haya ndiyo yanayobeba watu na mizigo mingi zaidi.

Kwa nini lisipuuzwe

Wengine husema kwamba gari bado hugeuka hata mafuta yakiisha. Ni kweli, kwa kuwa usukani umeunganishwa na magurudumu kwa chuma. Lakini huwa mzito ghafla. Dereva wa matatu iliyojaa abiria, akiteremka kona za Mai Mahiu, hana nafasi ya kugundua katikati ya kona kwamba sasa anahitaji nguvu maradufu.

Kuna hatari nyingine mbili. Mafuta yanayodondokea bomba la moshi lenye joto kali huweza kushika moto. Aidha, katika magari mengi mkanda mmoja huzungusha pampu ya usukani, jenereta na pampu ya maji. Pampu ya usukani ikikwama kwa kukosa mafuta, mkanda hukatika, betri hukosa chaji na injini huchemka. Tatizo lililoanza na klipu ya bei ya chini huishia katika injini iliyokufa. Zaidi ya hayo, Sheria ya Trafiki, Sura ya 403, hairuhusu gari lililo katika hali ya kuhatarisha wengine kuwa barabarani.

Ukaguzi wenyewe huchukua dakika tano tu kwa mwezi. Kiwango kitazamwe gari likiwa mahali tambarare, kwa alama ya baridi au ya joto kulingana na hali ya injini. Mafuta yafutwe kwenye karatasi nyeupe ili rangi ionekane. Paipu na mabuti yamulikwe kwa tochi injini ikiwa imezimwa. Mafuta yaliyomwagwa yasitupwe kwenye mtaro, bali yawekwe katika chombo na kupelekwa gereji inayokusanya mafuta machafu.

Anayelazimika kuongeza mafuta njiani afanye hivyo ili afike kwa fundi, si ili asiende kwa fundi. Wahenga walisema usipoziba ufa utajenga ukuta, na ufa wa usukani hauzibwi kwa chupa.